Chanda Chema na Pete Itozwayo Ushuru

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Hawakueleza pete yenyewe hununuliwa kwa kiasi gani, wala hawakudokeza kwamba baina ya mkono wa sonara na mkono wa bibi harusi siku moja ungejipenyeza mkono wa tatu, usioyeyusha dhahabu wala kuvaa chochote, ila ambao sharti upewe fungu lake kwanza. Mkono huo ni wa serikali. Makala haya yanadai kwamba namna mkono huo unavyolichukua fungu lake katika ununuzi wa dhahabu na fedha ina kasoro. Kwamba kasoro hiyo humwelemea mnunuzi mdogo kuliko tajiri. Na kwamba wapenzi wa Kiswahili wana sababu yao mahususi ya kuliingilia suala hili badala ya kuwaachia wahasibu peke yao.

Mji wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, ni mahali pafaapo kulitazamia jambo hili. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu hapo zaidi ya watu 150,000, ilhali si miaka mingi iliyopita Kitengela ilikuwa kituo kidogo cha biashara kandokando ya barabara ya Namanga, kimezungukwa na malisho ya Wamaasai. Leo ni mji wa wahamiaji. Wamo wanaorauka alfajiri kwenda kazini Nairobi, wamo wanaoshona nguo katika viwanda vya EPZ pale Athi River, na wamo waliouza ng'ombe wakanunua ploti au waliouza ploti wakanunua lori. Mji wa namna hii ni mji wa harusi, kwa kuwa ni mji wa vijana. Na penye harusi pana pete.

Chukulia basi kijana na mchumba wake, wote vibarua wa kiwandani, wanaingia katika duka la vito siku ya Jumamosi baada ya kulipwa mshahara. Pete waliyoipenda ina dhahabu ya shilingi 40,000, na ufundi wa sonara ni shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 50,000, nao wamejipigapiga mwaka mzima wakazipata. Muuzaji anabofya mashine yake, kisha anatamka shilingi 58,000. Hizo 8,000 zimetoka wapi? Risiti inajibu kwa herufi tatu za Kiingereza na tarakimu mbili. Vijana wanatazamana. Iwapo muuzaji ni mwungwana atawafafanulia. Iwapo si mwungwana atawauliza kwa sauti ya chini swali ambalo kila mnunuzi nchini Kenya amewahi kuulizwa: wanataka na risiti au bila risiti?

Hapa yafaa sheria yenyewe ielezwe kwa ufupi. Kenya ilianza kutoza ushuru wa mauzo mwaka 1973. Januari 1990 ushuru huo uliondolewa, mahali pake pakachukuliwa na ule uitwao VAT, ambao leo unaongozwa na Sheria ya mwaka 2013. Kiwango chake cha kawaida kimekuwa asilimia 16 tangu mwaka 2003, isipokuwa miezi michache ya mwaka 2020 kiliposhushwa hadi asilimia 14 kwa sababu ya janga la korona. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya bidhaa zinazotozwa yanafika shilingi milioni 5 kwa mwaka sharti ajisajili na kuutoza. Vito vya dhahabu na fedha havimo katika orodha ya vilivyosamehewa. Mwaka 2021 Sheria ya Fedha iliongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya vito, na mwaka uliofuata kiwango hicho kikapandishwa hadi asilimia 15.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ushuru hizi mbili hazikai ubavu kwa ubavu; moja humpanda mwenzake mgongoni. VAT hukokotolewa baada ya ushuru wa bidhaa kuongezwa. Kwa hiyo mkufu ulioagizwa kutoka ng'ambo ambao thamani yake, pamoja na ushuru wa forodha, ni shilingi 100,000, kwa viwango hivyo huongezewa 15,000, kisha asilimia 16 hutozwa juu ya 115,000, yaani 18,400. Jumla yake ni 133,400. Thuluthi nzima imepanda kabla hata mwenye duka hajatia faida yake. Neno ushuru lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni sehemu moja ya kumi. Anayelipa thuluthi na kuiita ushuru anatumia neno ambalo maana yake imekwisha kuvunja ukuta na kutoka.

Na maadamu maneno yamekwisha kuguswa, ni vyema kukaa hapo kidogo. Hadi leo Wakenya hawajakubaliana jina la huo ushuru wa herufi tatu. Magazeti huandika mara ushuru wa ziada ya thamani, mara ushuru wa thamani ya ziada, na Watanzania wana kodi ya ongezeko la thamani. Anayesema kodi mbele ya mpangaji wa Kitengela ataeleweka kuwa anadai pesa za nyumba za mwisho wa mwezi. Anayesema thamani ya ziada mbele ya mtu aliyesoma maandishi ya siasa ya miaka ya Ujamaa ataeleweka kuwa anazungumzia jasho la mfanyakazi linalotwaliwa na bwana wake. Huenda maana hii ya pili si ya mbali sana na ukweli, ila hilo ni suala la siku nyingine. Linalojali hapa ni kwamba jina la Tanzania ndilo linalouanika ushuru huu jinsi ulivyokusudiwa: hutozwa juu ya ongezeko. Pale kitu kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine kikiwa kimeongezwa thamani, serikali huchukua sehemu ya kile kilichoongezwa.

Ikiwa ndivyo, basi swali la dhahabu linazuka lenyewe. Mkate huliwa ukaisha. Nguo huchakaa. Ushuru wa aina hii ulibuniwa kwa ajili ya vitu vinavyotumiwa na kumalizika, na ndiyo sababu wanauchumi huuita ushuru wa matumizi. Dhahabu haimalizwi na mtu. Anayeivaa miaka arubaini humwachia bintiye, na binti akiipeleka kwa sonara huyeyushwa ikawa bangili, na mjukuu akiirudisha tena huwa vipuli. Waama, hakuna ajuaye kama chembe fulani iliyo katika kidole cha mtu leo haikuwahi kuwa katika taji la mfalme wa kale. Katika safari yote hiyo thamani inayoongezwa ni moja tu, nayo ni kazi ya sonara.

Hebu warudiwe wale vijana wawili. Tuseme baada ya miaka kumi shida inawabana, wanairudisha pete dukani. Sonara hatawalipa shilingi 58,000 wala 50,000. Atapima uzito, atatazama karati, na kuwapa bei ya dhahabu pekee, ambayo kwa ajili ya hesabu hii iachwe kuwa 40,000 zile zile. Ufundi umepotea, hilo ni haki. Ushuru nao umepotea. Kisha sonara anaiyeyusha dhahabu hiyo, anaitengeneza upya kwa ufundi wa 10,000, anaiuza kwa 50,000, na kutoza tena 8,000. Kwa kuwa aliinunua kwa watu wa kawaida ambao hawawezi kutoa ankara ya ushuru, hana chochote cha kudai wala kupunguza. Dhahabu ile ile ya 40,000 imelipiwa shilingi 6,400 mara mbili. Ikirudi kwa sonara na kutoka mara saba, serikali itakuwa imekusanya shilingi 44,800 juu ya metali ya shilingi 40,000, bila metali hiyo kuongezeka hata kwa uzito wa punje ya mtama. Lau ushuru ungetozwa juu ya kilichoongezwa kwa hakika, yaani zile 10,000 za ufundi, kila safari ingeleta shilingi 1,600.

Watetezi wa hali iliyopo wana jibu lao, tena si jibu la kupuuzwa. Wao husema kwamba dhahabu ni anasa, na kwamba nchi yenye madeni na hospitali zisizo na dawa haina sababu ya kumwonea huruma anayenunua mkufu. Juni 2024 vijana wa Kenya walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, miongoni mwa mambo yaliyowachemsha lilikuwamo pendekezo la kutoza mkate asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa, na baadaye mswada mzima ukarudishwa nyuma. Kitengela haikuwa mtazamaji katika mambo hayo. Ilikuwa mojawapo ya miji ambamo maandamano yalikuwa makali, na watu walifia humo. Je, inafaa mbele ya makaburi hayo kuleta habari za pete?

Inafaa, kwa sababu neno anasa limetumiwa hapa kufunika kitu kisicho anasa. Yapo maghala mengi ya kuhifadhia mali, na sheria huyatazama kwa macho tofauti. Mwenye pesa akiziweka katika akaunti ya benki, hatozwi VAT kwa kuziweka. Akinunua hisa, hatozwi. Akinunua ardhi Kitengela, mauzo ya ardhi yamesamehewa. Atalipa ushuru wa stempu, ni kweli, lakini huo ni wa asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Kinachobaki ni mali ndogo, ile inayofungwa katika leso na kufichwa sandukuni, na hiyo ndiyo inayotozwa 16 kwa mia, pengine na zaidi. Kiswahili kinalifichua jambo hili kwa uzuri wa ajabu, kwani katika lugha hii metali nyeupe na pesa ni neno moja: fedha. Fedha iliyo benki haitozwi. Fedha iliyo katika bangili inatozwa. Bibi zetu wa pwani waliozipeleka riale za fedha kwa sonara zikafuliwa vikuku wangeshindwa kuielewa tofauti hiyo, kwa kuwa machoni pao riale ilikuwa imebadilisha umbo tu, si asili.

Ni nani hasa mwenye mali ya sandukuni? Aghalabu ni mwanamke. Katika jamii za Waswahili, za Wasomali na za Wahindi wa Afrika Mashariki, mapambo ya dhahabu ni mali ya mke ambayo mume hana ruhusa ya kuigusa. Akiachwa huondoka nayo, akifiwa huila, mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya karo huiuza. Kitengela ya leo ina watu wa jamii hizo zote, ingawa si wengi kama wenyeji. Kwa Wamaasai wenyewe pambo ni ushanga na si dhahabu, na kina mama wauzao ushanga kandokando ya barabara hawajafika karibu na milioni 5 za usajili. Lakini jambo la kutazamwa Kajiado ni ardhi. Mashamba ya jumuiya yalipogawanywa kuanzia miaka ya 1980, hati nyingi ziliandikwa kwa majina ya wanaume. Ghala lililosamehewa ushuru likaangukia mikono ya wanaume. Wanawake wakaachiwa maghala mengine. Haidaiwi hapa kwamba waliotunga sheria ya ushuru walikusudia hivyo. Sheria zinaweza kuonea bila kukusudia, jinsi lori linavyomrushia matope mpita njia bila dereva kumwona.

Jirani ya Kitengela kuna mfano mwingine wa kuumiza. Kampuni zilizomo katika eneo la EPZ hupewa, kwa sheria ya mwaka 1990, miaka kumi ya kutolipa ushuru wa mapato ya kampuni, na bidhaa ziingiazo humo haziguswi na VAT. Huenda zipo sababu nzuri; kazi maelfu zimepatikana. Lakini mshonaji atokaye langoni jioni na kununua pete humlipia tajiri wake ile likizo. Mwenye kiwanda anasamehewa ili apate kumwajiri, na yeye mwajiriwa hasamehewi alipotaka kuoa.

Nchi nyingine zimelitanzua suala hili kwa njia mbalimbali, nazo si zote za kuigwa. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2000, umeisamehe dhahabu ya uwekezaji, yaani vipande vyenye usafi wa sehemu 995 kwa elfu au zaidi na baadhi ya sarafu, huku mapambo yakiendelea kutozwa. Falme za Kiarabu zilipoanzisha VAT ya asilimia 5 Januari 2018, soko la dhahabu la Dubai lilipiga kelele, na miezi michache baadaye utaratibu ukabadilishwa ili wafanyabiashara waliosajiliwa wasitozane wao kwa wao. India hutoza asilimia 3 tangu Julai 2017, kiwango cha chini kabisa kikilinganishwa na cha bidhaa nyingi nchini humo, kwa kuwa watawala wanajua kwamba dhahabu ya Mhindi ni benki ya mkewe. Tanzania, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, iliwaondolea wachimbaji wadogo ushuru huo mapema mwaka 2019, na Machi mwaka huo huo soko rasmi la dhahabu likafunguliwa Geita. Hoja ya Watanzania ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya huruma: ushuru mkubwa ulikuwa unaipeleka dhahabu mipakani usiku.

Kituko kikubwa zaidi kiko Marekani, ambako kila jimbo lina ushuru wake wa mauzo. Yapo majimbo yasiyo na ushuru huo kabisa, kama Oregon na Delaware. Texas iliiondolea dhahabu na fedha ya vipande mzigo wote mwaka 2013. California nayo ina kanuni ambayo mtu akiisoma mara ya kwanza hudhani wachapaji wamekosea: anayenunua vipande au sarafu za dhahabu kwa dola 2,000 au zaidi kwa mkupuo mmoja hatozwi, na anayenunua kwa kiasi cha chini ya hapo hutozwa. Kikomo hicho kilikuwa dola 1,500 hadi mwisho wa mwaka 2022. Ajabu ya Musa! Mwenye nacho anapita mlango mpana, na aliyekusanya dola mia mia kwa jasho lake anasimamishwa mlangoni alipe. Sababu inayotolewa ni kwamba mnunuzi mkubwa ni mwekezaji, na mdogo ni mtumiaji. Lakini ni mizani gani inayoweza kupima nia iliyomo moyoni mwa mnunuzi kwa kuhesabu noti zake?

Wenyeji wa pwani yetu walikuwa na kipimo cha zamani ambacho kiligeukia upande mwingine. Katika zaka ya Kiislamu, dhahabu isiyofika kiwango fulani, takriban gramu 85, haidaiwi kitu, na inayofika hudaiwa fungu moja kati ya arubaini kwa mwaka. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Lamu, Mombasa na Unguja, huyasamehe mapambo ya halali ambayo mwanamke huyavaa. Wa Hanafi huyadai. Mjadala huo ni wao. Linalomhusu kila raia, awe na dini gani, ni kwamba watu wa karne nyingi zilizopita waliona haja ya kuweka kizingiti cha kumlinda mwenye kidogo, na walitofautisha dhahabu iliyolimbikwa na dhahabu iliyovaliwa. Sheria ya Kenya haifanyi lolote kati ya hayo mawili. Kizingiti chake cha milioni 5 humtazama muuzaji, si mnunuzi.

Na kizingiti hicho kina vituko vyake. Maduka mawili yaliyopakana yanaweza kuuza pete zenye uzito ule ule na karati zile zile, moja likitoza 16 na jingine lisitoze kwa kuwa biashara yake ni ndogo. Mnunuzi mwerevu atakimbilia la pili. Hata hivyo sonara mdogo huyo, akinunua dhahabu yake kwa msambazaji aliyesajiliwa, ameshalipa ushuru ambao hawezi kuurejeshewa, naye huuficha ndani ya bei. Kwa hiyo mnunuzi ameulipa bila kuuona. Kuna pia anayepanda gari hadi Namanga na kuvuka kwenda Arusha akitarajia nafuu. Ushuru wa forodha umeondolewa kwa bidhaa zilizotokana na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini VAT ya Kenya haikuondolewa; humngoja pale pale mpakani, katika kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018. Wengine huivaa pete mkononi na kupita nayo. Msomaji asishangae sana: pale ambapo sheria inamfanya mchumba awe mlanguzi, tatizo halimo kwa mchumba pekee.

Historia inalitia suala hili uchungu mwingine. Kenya haijasahau miaka ya 1990 hadi 1993, ambapo kampuni ya Goldenberg ililipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, 20 zikiwa za kisheria na 15 zikiongezwa juu yake. Tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilionyesha jinsi mabilioni ya umma yalivyolipwa kwa mali ambayo nchi hii haikuwa nayo kwa kiasi hicho, na kwa upande wa almasi haikuwa nayo kabisa. Yaani hazina iliwahi kutoa 35 kwa mia kwa dhahabu ya hewa, na sasa inachukua 16 kwa mia kwa dhahabu ya pete. Hakuna anayesema mnunuzi wa pete wa Kitengela afidiwe kwa hayo. Lakini anapoambiwa kwamba ushuru wake ni wajibu wa uzalendo, ana haki ya kukumbuka.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi. Mafundi wa kukwepa ushuru ni wengi. Dhahabu ikisamehewa kwa jina la akiba, kesho yake bangili nene zisizo na nakshi zitajaa madukani, zikiitwa vipande vya akiba, na tajiri atavivaa viwili kila mkono. Dhahabu bandia nayo imelipa jina la Nairobi sifa mbaya duniani, na msamaha wa jumla ungewafurahisha matapeli. Haya ni kweli. Ndiyo maana makala haya hayapendekezi msamaha wa jumla. Yanapendekeza jambo jembamba zaidi: kwamba dhahabu na fedha kuukuu, iliyonunuliwa na sonara kutoka kwa raia na kufuliwa upya, itozwe ushuru juu ya ufundi na faida pekee, wala si juu ya metali ambayo imeshalipiwa. Sonara aandike katika daftari uzito alioununua, karati zake, na bei aliyolipa. Uzito utokao usizidi uzito ulioingia. Mizani haisemi uongo kwa urahisi kama ankara. Mwenye dhahabu mpya kutoka ng'ambo aendelee kulipa, na tajiri wa bangili nene hatapata mlango.

Serikali itapoteza kiasi fulani cha mapato, bila shaka. Itapata pia kitu ambacho sasa haina: sonara mwenye sababu ya kuandika. Leo anayeleta pete kuukuu na anayeinunua wote wawili wana faida ya kutoandika chochote, na Mamlaka ya Ushuru, KRA, pamoja na mitambo yake ya ankara za kielektroniki, hubaki kukodolea macho biashara isiyo na alama. Oktoba 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu ilipita dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Kadiri bei inavyopanda ndivyo masanduku yanavyofunguliwa na mali kuukuu kurudi sokoni, na ndivyo swali la na risiti au bila risiti linavyozidi kuwa na uzito.

Kisha kuna ile sababu ya wapenzi wa Kiswahili iliyotajwa mwanzoni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mshonaji wa Athi River anazungumza Kiswahili na sonara, wanapatana bei kwa Kiswahili, wanapima kwa Kiswahili, na hatimaye wanakabidhiana karatasi ambayo mmoja wao haielewi na pengine wote wawili. Mistari mitatu ingetosha: dhahabu, kiasi hiki, ufundi, kiasi hiki, ushuru, kiasi hiki. Asiyejua alichotozwa hawezi kukidai wala kukipinga, na akienda kurudisha pete miaka kumi baadaye hatajua kwa nini shilingi 58,000 zimegeuka 40,000. Atadhani sonara amemwibia. Wapo masonara wengi waliovunjiwa heshima kwa ajili ya hesabu ambayo si yao.

Kazi ya kuandika mistari hiyo mitatu, na ya kukata shauri iwapo ni ziada ya thamani au ongezeko la thamani, haiwezi kufanywa na mhasibu. Wanafunzi wa isimu wameandika tasnifu tele kuhusu istilahi za kompyuta na za sheria, ilhali istilahi ambazo mwananchi hukutana nazo kila anapotoa pesa mfukoni zimeachwa zitangetange magazetini. Mswada wa Fedha huwasilishwa Bungeni kila mwaka kabla ya Mei, na Kamati ya Fedha hualika umma utoe maoni kwa maandishi. Maoni hayo, kwa mujibu wa kifungu kile kile cha 7, yaweza kuandikwa kwa Kiswahili tangu salamu hadi sahihi, na waraka wa kurasa mbili kuhusu pete kuukuu, wenye jedwali la mistari mitatu, unaweza kuwa tayari mezani pa kamati hiyo kabla mwaka wa masomo haujaisha.